Msichana, Mtoto na Mkosaji: Historia ya Istilahi za Mahabusu ya Watoto

Utangulizi

Kazi ya kutafsiri sheria kwa Kiswahili si ngeni nchini Tanzania. Lakini tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi hiyo imepata uzito wa namna nyingine. Zamani mfasiri aliyeteleza katika istilahi alimpotosha msomaji tu, naye msomaji aliweza kurudi kwenye matini ya Kiingereza akajisahihisha. Sasa istilahi ya mfasiri yaweza kusomwa mbele ya hakimu, na mtu akazuiliwa au akaachiliwa kwayo. Katika sheria zinazohusu watoto hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana mtoto hana uwezo wa kusimama akalihoji neno aliloitwa.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza historia ya fungu moja dogo la istilahi, nazo ni zile zilizotumika kuwataja wasichana waliowekwa kizuizini nchini Marekani tangu mwaka 1825. Tumeichagua Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, mahakama maalumu ya watoto iliyopata kuwa mfano kwa nchi nyingi ilianzishwa huko, katika mji wa Chicago. Uingereza nayo iliunda mahakama za namna hiyo kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 1908, na sheria za watoto zilizotungwa Tanganyika na Kenya wakati wa ukoloni zilifuata nyayo za Uingereza. Pili, istilahi mpya ambazo wafasiri wetu wanaletewa leo, hasa zile zinazohusu huduma zinazozingatia jinsia, zimetokana kwa kiasi kikubwa na mjadala uliofanyika Marekani. Haifai kulipokea tunda bila kuujua mti.

Hoja yetu ni moja. Istilahi inayoeleza alivyo msichana, badala ya kueleza alilotenda, ndiyo iliyowafunga wasichana wengi ambao hawakuiba wala kumpiga mtu. Tena kulibadili jina bila kuibadili fasili hakukuwafungulia. Mwenye kuunda istilahi kwa Kiswahili hana budi kulijua jambo hili kabla hajashika kalamu.

Nyumba ya Hifadhi na Shule ya Kazi

Tarehe 1 Januari 1825 ilifunguliwa mjini New York nyumba iliyoitwa Nyumba ya Hifadhi. Siku hiyo walipokelewa watoto tisa, wavulana sita na wasichana watatu. Jina lenyewe lilikuwa la huruma, kwani waanzilishi walitaka kuwatoa watoto katika magereza ya watu wazima. Hata hivyo, nyumba hiyo ilipokea kwa mlango mmoja mtoto aliyeiba na mtoto aliyeonekana akirandaranda mitaani bila mlezi. Ndani, wavulana walifundishwa kazi za mikono zenye soko, nao wasichana walishona, walifua na kufagia kwa ajili ya nyumba nzima. Walipotoka, aghalabu walipelekwa kuwa watumishi katika nyumba za watu.

Mwaka 1856 jimbo la Massachusetts lilifungua huko Lancaster shule ya kwanza ya urekebishaji iliyomilikiwa na jimbo na kuwekwa kwa wasichana peke yao. Wasichana hawakulazwa katika jengo moja kubwa kama kambi ya askari. Waligawanywa katika nyumba ndogo ndogo, kila nyumba na mama mlezi wake, ili waishi mfano wa familia. Jina la shule hiyo lina funzo kwa wafasiri. Mfasiri mwenye haraka angeiita “shule ya viwanda”, na msomaji angedhani kwamba wasichana walifundishwa kuendesha mitambo. Neno la Kiingereza lililotumika lilikuwa na maana ya zamani ya bidii na utendaji kazi, na bidii iliyokusudiwa ilikuwa ya jikoni, ya ufuaji na ya sindano. “Shule ya kazi” ingekuwa tafsiri ya kweli zaidi.

Massachusetts ilikuwa na neno jingine lililodumu kuliko majengo yake. Mwaka 1646, wakati wa utawala wa Wapuritani, ilitungwa sheria dhidi ya mwana mkaidi na mwasi asiyewatii wazazi wake, na adhabu iliyotajwa ilikuwa kifo. Sheria hiyo ilimtaja mwana wa kiume. Kadiri miaka ilivyopita adhabu ililegezwa, lakini fasili ilipanuliwa hata ikawaingiza mabinti pia. Ukaidi ukabaki kuwa kosa la mtoto mbele ya sheria ya jimbo hilo mpaka mwaka 1973 ulipofutwa. Neno moja lilitumika miaka zaidi ya mia tatu, na katika muda wote huo hapakuwa na kipimo cha kuonyesha ukaidi unaanzia wapi. Mpimaji alikuwa yule yule aliyeudhika.

Chicago, 1899

Mahakama ya watoto ya Chicago ilianza kazi tarehe 3 Julai 1899 kwa sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka huo. Watunzi wake walikusudia kwamba mtoto asishitakiwe kama mhalifu. Kwa hiyo wakaepuka msamiati wa jinai, wakatumia neno lenye asili ya Kilatini, litokanalo na kitenzi “delinquere”, maana yake kupungukiwa au kuacha kutimiza lililopasa. Fasili ya kwanza ilikuwa fupi na ya wazi: mtoto wa namna hiyo ni yule aliye chini ya umri wa miaka 16 ambaye amevunja sheria yoyote ya jimbo au kanuni yoyote ya mji au kijiji.

Fasili hiyo haikukaa muda mrefu. Katika marekebisho yaliyofanywa mpaka mwaka 1907, iliongezewa mtoto asiyerekebishika, mtoto anayekua katika uvivu, mtoto anayefuatana na watu waovu, mtoto anayetembea mitaani usiku bila shughuli halali, na mtoto mwenye mwenendo usio wa adabu. Umri nao ukatenganishwa. Kwa wavulana mpaka ukawa chini ya miaka 17, na kwa wasichana chini ya miaka 18. Msichana akawa mtoto kwa mwaka mmoja zaidi ya mvulana, na mwaka huo haukuwa wa kulindwa tu bali pia wa kukamatwa.

Matokeo yake yaliandikwa mapema. Mwaka 1912 Sophonisba Breckinridge na Edith Abbott walichapisha utafiti wao juu ya miaka kumi ya mwanzo ya mahakama hiyo. Walionyesha kwamba zaidi ya wasichana 80 katika kila 100 walifikishwa mahakamani kwa sababu usafi wao wa kimwili ulidhaniwa kuwa hatarini au umekwisha kupotea. Wavulana wengi waliletwa kwa wizi na uharibifu wa mali. Na kuhusu hukumu, nusu hivi ya wasichana walipelekwa katika majumba ya urekebishaji, hali wavulana waliopelekwa walikuwa moja ya tano tu. Yaani wale ambao kwa sehemu kubwa hawakuwa wamemdhuru mtu ndio waliofungiwa zaidi.

Wapo pia watoto ambao fasili ile iliwanasa kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1851 mji wa Chicago ulikuwa na kanuni iliyomkataza mtu kuonekana hadharani akiwa amevaa mavazi ya jinsi isiyo yake. Kwa kuwa kuvunja kanuni yoyote ya mji kulitosha kumtia mtoto katika fasili ya mwaka 1899, msichana aliyevaa suruali na kofia ya kiume, au mvulana aliyevaa gauni, aliweza kuitwa kwa jina lile lile la mwizi. Mahakama Kuu ya Illinois iliizuia kanuni hiyo isitumike dhidi ya watu wa namna hii mwaka 1978 tu. Wale ambao maandishi ya leo huwataja kuwa ni vijana wasiokaa katika mgawanyo uliozoeleka wa jinsia hawakuzuka jana. Walikuwamo tangu mwanzo, ila sheria haikuwa na jina lao isipokuwa jina la kosa.

Lakini ingekuwa dhuluma kudai kwamba watu wote wa mahakama hiyo walikuwa na moyo mgumu. Mwaka 1913 Mary Bartelme aliteuliwa kumsaidia hakimu wa mahakama ya watoto kwa kusikiliza mashauri ya wasichana. Aliyasikiliza katika chumba cha faragha, mbali na macho ya wanaume na waandishi wa magazeti. Akaigeuza nyumba yake mwenyewe kuwa makao ya wasichana wasioweza kurudi kwao, na makao mengine yakafuata, yakajulikana kwa jina lake. Kila msichana aliyetoka hapo kwenda kwa walezi alipewa sanduku lenye nguo mpya, hata watu wakampachika Bartelme jina la “Mary wa Sanduku”. Mwaka 1923 alichaguliwa kuwa hakimu kamili, mwanamke wa kwanza katika Illinois kushika cheo hicho.

Hata huruma hiyo ilikuwa na mipaka ya zama zake, kwani wasichana weusi waliwekewa makao ya peke yao. Kusini mwa nchi hali ilikuwa mbaya zaidi. Msichana mweusi alipokosa shule ya kazi ya kumpokea, alipelekwa jela pamoja na watu wazima. Huko Virginia, Janie Porter Barrett na vyama vya wanawake weusi walichangishana fedha, wakanunua shamba, na mwaka 1915 wakafungua shule kwa ajili ya wasichana hao. Barrett alikataza viboko, akawaendesha wanafunzi wake kwa kuwaamini. Istilahi ya sheria ilikuwa moja kwa msichana mweupe na mweusi, bali makazi yaliyoifuata istilahi hiyo yalitofautiana kama mchana na usiku.

Majina mapya, kufuli lile lile

Ilipofika miaka ya 1960, wanasheria wengi wa Marekani walikuwa wameona kwamba haifai kumwita mtoto mtoro kwa jina la mtoto mwizi. Kwa hiyo yakaundwa mafungu mapya. New York, kwa sheria yake ya mwaka 1962, ilimwita mtoto wa namna hiyo “mtu mwenye kuhitaji usimamizi”. Massachusetts, ilipouacha ukaidi mwaka 1973, ilimwita “mtoto mwenye kuhitaji huduma”. Na mwaka 2012 ikalibadili jina hilo pia likawa na maana ya “mtoto anayehitaji msaada”.

Ukiyasoma majina haya utaona kwamba yanazidi kuwa mapole. Lakini je, fasili zilibadilika? Ya New York iliendelea kumtaja mtoto asiyerekebishika, asiyetawalika na asiyewatii wazazi. Tena ilimhesabu mvulana mpaka umri wa miaka 16, na msichana mpaka miaka 18. Tofauti hiyo iliyotetewa kwa hoja ya maadili ilidumu miaka kumi, mpaka Mahakama ya Rufani ya New York ilipoitangua mwaka 1972 kwa kuwa ilivunja haki ya usawa. Mwaka huo huo mahakama ya rufani ya shirikisho ilitangua tofauti ya namna hiyo katika sheria ya Oklahoma.

Kabla ya hapo, tarehe 15 Mei 1967, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya Gault. Ilihusu mvulana wa miaka 15 wa Arizona ambaye, kwa kosa la simu ya matusi, aliamriwa kuwekwa katika shule ya urekebishaji hadi atakapofikisha miaka 21, hali mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ndogo au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili. Mahakama iliamua kwamba mtoto ana haki ya kuarifiwa mashtaka, ya kuwa na wakili na ya kutojishitaki mwenyewe. Hukumu hiyo ilikuwa kubwa. Lakini ilihusu watoto walioshitakiwa kwa makosa, si wale “wenye kuhitaji usimamizi”. Kwa hiyo jina pole likageuka kuwa hasara, kwa sababu aliyeitwa mkosaji alipata wakili, na aliyeitwa mhitaji aliweza kuukosa.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilitunga Sheria ya Haki za Watoto na Uzuiaji wa Makosa yao, ambayo iliyataka majimbo yanayopokea fedha za shirikisho kutowafungia watoto kwa matendo ambayo yakifanywa na mtu mzima si makosa. Matendo hayo ni kama utoro wa shule, kukimbia nyumbani na kutowatii wazazi. Wasichana walifaidika sana, maana ndio waliokuwa wengi katika fungu hilo kwa kulinganisha na wavulana. Baada ya miaka sita tu, yaani mwaka 1980, Bunge likafungua mlango wa nyuma. Hakimu aliruhusiwa kumfungia mtoto aliyevunja amri halali ya mahakama. Basi msichana aliyekimbia nyumbani akapewa amri ya kutokimbia tena, na alipokimbia mara ya pili, kosa lake halikuitwa kukimbia bali kuvunja amri. Tendo lilikuwa lile lile, ila neno lilibadilishwa, naye akarudi ndani.

Wengi wa wasichana hao hawakukimbia kwa utukutu. Watafiti, Meda Chesney-Lind akiwa miongoni mwa wa kwanza tangu mwaka 1973, walieleza kwamba wengi walikuwa wakiyakimbia mapigo na unajisi wa nyumbani. Mahakama iliwarudisha kule walikokimbia, au iliwafungia kwa kukataa kurudi.

Kutoka “maalumu” hadi “kuzingatia”

Mwaka 1992 sheria ile ya 1974 ilipofanyiwa marekebisho, kwa mara ya kwanza majimbo yalitakiwa kuchunguza mahitaji ya wasichana na kupanga huduma zao. Istilahi iliyotumika ilikuwa na maana ya huduma “maalumu kwa jinsia”. Istilahi hiyo ilikuwa na kasoro, kwani darasa la mapambo na upishi nalo ni maalumu kwa wasichana, na Lancaster ya mwaka 1856 ilikuwa maalumu kuliko zote. Ndiyo maana baadaye istilahi nyingine ikashika nafasi, hasa baada ya ripoti ya mwaka 2003 ya Barbara Bloom, Barbara Owen na Stephanie Covington juu ya wanawake walio chini ya uangalizi wa sheria. Istilahi hii mpya ilitaka huduma ianze na maisha halisi ya mhusika na kuyajibu, yaani aliyoyapata kabla ya kukamatwa, nani wanamtegemea, na nini kinamtisha awapo ndani.

Kwa msichana aliye kizuizini maana yake ni mambo ya kila siku. Apekuliwe na nani? Akiwa mjamzito, atafungwa pingu? Akiwa katika hedhi, atalazimika kuomba vitambaa kwa askari wa kiume? Aliyewahi kunajisiwa atashikwa mwili kwa nguvu kila akibisha? Sheria ya mwaka 2018 iliyataka majimbo yawe na mpango wa kuondoa pingu kwa wasichana waja wazito. Ama kuhusu vijana wasiokaa katika mgawanyo uliozoeleka, kanuni zilizotolewa mwaka 2012 kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003 dhidi ya unajisi magerezani ziliagiza kwamba makazi ya kijana wa namna hiyo yaamuliwe kwa kumwangalia yeye mwenyewe na usalama wake, wala asitengwe peke yake kwa sababu tu ya alivyo. Jambo hili haliwahusu wachache sana kama mtu awezavyo kudhani. Katika uchunguzi wa serikali ya shirikisho uliofanywa mwaka 2012 ndani ya vituo vya vijana, wasichana wapatao 39 katika kila 100 walijieleza kwamba mapenzi yao hayaelekei kwa wanaume tu.

Mwezi Juni 2022, kituo cha vijana cha jimbo la Hawaii kilifikia siku ambayo hapakuwa na msichana hata mmoja ndani yake. Hilo halikuletwa na jina jipya. Lililetwa na kazi ya miaka mingi ya mahakimu, wauguzi na wasimamizi waliokubali kuuliza swali la msichana anahitaji nini nje, kabla ya kuuliza atawekwa wapi ndani.

Mafunzo kwa Kiswahili

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili kina sifa moja ambayo Kiingereza hakina. Maneno “mtoto”, “kijana”, “yeye” na kiambishi “a-” hayaonyeshi jinsi. Tunajivunia sifa hiyo, na ni haki yetu. Lakini katika sheria yaweza kuwa pazia. Kifungu kinachosema “mtoto aliyewashinda wazazi” kinasomeka kana kwamba kinawapima wote sawa, hali historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba vifungu vya namna hiyo viliwaangukia wasichana zaidi. Ndivyo ilivyo kwa maneno “hatari ya kimaadili” yaliyomo katika Sheria ya Watoto na Vijana ya Uingereza ya mwaka 1933. Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza jinsi pasipo na jinsi, ila anapoandika ripoti, takwimu au miongozo, yafaa aseme wazi “wasichana” pale wanapokusudiwa.

Pili, yapo maneno yetu yanayobadilika maana kwa kufuata aliyeitwa. “Mhuni” akiwa mvulana ni mzururaji au mkorofi. Akiwa msichana, wasikilizaji hufikiri habari za mwili wake. “Kirukanjia” humwelekea mwanamke, na mwanamume hana neno la uzito ule ule. Maneno haya ni ya mtaani na yana mahali pake katika riwaya na tamthilia. Katika hati ya mashtaka au faili la ustawi wa jamii hayana mahali. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka 1990, ujulikanao kwa jina la Riyadh, unaonya kwamba kumwita kijana mpotovu au mkosaji mara nyingi husaidia kumfanya awe hivyo. Wahenga hawakuwa mbali na hapo waliposema kwamba jina jema hung’ara gizani.

Tatu ni jozi ya “jinsi” na “jinsia”. Wataalamu wengi hulitumia neno la kwanza kwa maumbile ya kike au ya kiume, na la pili kwa mafungu, wajibu na mienendo ambayo jamii humpangia mtu. Hata hivyo, fomu nyingi za ofisini huandika “jinsia” zikitaka kujua maumbile. Katika mahabusu tofauti hii ina matokeo. Swali la jinsi na swali la jinsia ni maswali mawili, na mtoto mmoja aweza kuwa na majibu mawili.

Nne, lugha yetu si maskini kama inavyodhaniwa. Kwa mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu, tunalo neno “huntha”, ambalo wanazuoni wa fikihi wamelitumia tangu zamani katika mlango wa mirathi bila kejeli, kwa kuwa walihitaji kumpa mtu haki yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 kuhusu watu walionyimwa uhuru inampa mtu wa namna hiyo haki ya kuchagua apekuliwe na mtu wa jinsi gani, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inamtambua mtoto wa namna hiyo kwa jina. Hapo neno la kale na haja mpya vimekutana.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe.

Mtoto anayekinzana na sheria: litumike badala ya “mtoto mhalifu” au “mtoto mpotovu”. Limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya serikali, tena linataja uhusiano wa mtoto na sheria, halimpi tabia ya kudumu.

Kosa la umri: tendo ambalo ni kosa kwa sababu tu mtendaji ni mtoto, kama utoro wa shule. Tafsiri ya neno kwa neno, “kosa la hadhi”, tunaikataa, maana kwa Kiswahili hadhi ni heshima na cheo, na msomaji angedhani kwamba mtoto amevunjiwa au amevunja heshima ya mtu.

Mtoto anayehitaji ulinzi: litumike kwa asiye na kosa, wala lisiwekwe katika orodha moja na la kwanza. Pale sheria inapomruhusu ofisa kumweka mtoto huyu mahali asipoweza kutoka, hati iseme “kuzuiliwa”, isiseme “kuhifadhiwa”.

Huduma inayozingatia jinsia: tunaipendelea kuliko “huduma maalumu kwa jinsia”, kwa sababu tulizozieleza. “Yenye mrengo wa kijinsia” limeenea, hasa katika habari za bajeti, na halina ubaya wake huko. Lakini mrengo huonyesha upande ambao mtu ameuelekea, na kuzingatia huonyesha kazi anayoifanya. Katika mahabusu tunahitaji neno la kazi.

Vijana wasiokaa katika mgawanyo uliozoeleka wa jinsia: ni maelezo zaidi kuliko istilahi, nasi twajua kwamba ni marefu. Tumeona ni afadhali urefu kuliko kuokota neno la mtaani lenye tusi ndani yake. Maoni ya wasomaji juu ya watu hawa yaweza kutofautiana, na sheria za nchi zetu zina misimamo yake. Hata hivyo, wajibu wa mfasiri ni kusema lililosemwa bila kuongeza fedheha.

Shule ya urekebishaji: Kenya iliachana na “shule zilizoidhinishwa” kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na shule za wasichana za Kirigiti na Dagoretti zinaitwa kwa jina hilo jipya. Tanzania inatumia “shule ya maadilisho”. Maadilisho ni neno zuri la Kiswahili, lakini linachukulia kwamba kila aliyemo amekosa maadili, hata yule aliyepelekwa kwa sababu watu wazima walimkosea yeye. Tunaliacha neno hili mikononi mwa wasomaji, hasa walimu na maofisa ustawi wa jamii wanaofanya kazi na watoto hao. Watuandikie wanavyowaita watoto wenyewe, na wanavyoitwa nao.